NYAMIRA: Milima inayoijua siri ya ndege ndogo

Ukitoka Nairobi alfajiri kwa matatu, ukapita Narok na Bomet, jua la saa sita litakukuta Sotik. Mbele kidogo ni Chepilat, soko lililokalia mpaka, na hapo utasikia lugha zikibadilika kabla hata hujaona kibao cha barabarani. Upande huu chai, upande ule chai, lakini salamu sasa ni "Bwakire". Umeingia Borabu, na Borabu ndiyo mlango wa Nyamira.

Msomaji wa Jumapili huenda akashangaa kuambiwa kwamba nilikwenda Nyamira kutafuta habari za ndege. Hakuna jumba la makumbusho la ndege huko. Ndizi zipo za kutosha, parachichi zipo, mvua ipo kuliko unavyoihitaji. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini ndege ndogo huundwa jinsi zilivyo, kwa nini bawa moja huwa refu na jingine fupi, kwa nini injini nzuri ya gari si lazima iwe nzuri angani, basi milima hii humweleza haraka kuliko kitabu.

Anzia Manga. Ukingo wa Manga ni ukuta wa mwamba ulioinuka ghafla, na siku isiyo na ukungu macho hufika hadi upande wa Kisumu na ziwa. Kaa pale saa nne za asubuhi uwatazame mwewe. Hawapigi mabawa. Upepo unaotoka bondeni hugonga ukuta, hauna pa kwenda ila juu, na mwewe huketi juu yake kama abiria aliyelipa nauli. Ndivyo walivyojifunza wanadamu wa kwanza waliotengeneza ndege zisizo na injini. Ila ukivuka upande wa nyuma wa mlima, upepo ule ule huporomoka kwenda chini, na ndege ndogo yenye nguvu kidogo ikinaswa humo husukumwa kuelekea kwenye migomba. Marubani wa nchi za milima hulijua jambo hilo kama dereva wa Nairobi anavyozijua kona zake.

Ndege ndogo za zamani ziliifahamu Kenya mapema. Chama cha marubani, Aero Club of East Africa, kilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na fedha zake na moyo wake, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, kazi ya kiwanda cha Mwingereza Geoffrey de Havilland. Kampuni ilikoma vita vikuu vya pili vilipoanza, lakini jina la mama huyo bado liko kwenye uwanja wa Wilson, ambako ndege ndogo hupaa na kutua mchana kutwa.

Moth maana yake ni nondo. Nasema nondo mdudu, si zile za kujengea nyumba, ingawa ningependa kumwona mtu akijaribu kurusha zile nyingine. De Havilland alikuwa mpenzi wa wadudu, na ndege yake aliyoirusha mara ya kwanza Februari 1925 ilikunja mabawa yake nyuma kama mdudu aliyetua. Hilo halikuwa pambo. Mabawa yakikunjwa, mwenye ndege aliweza kuivuta kwa gari lake na kuilaza bandani. Mwili ulikuwa wa mbao nyepesi, mabawa ni mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, kisha kitambaa kikapakwa rangi maalum inayokifanya kikaze kama ngozi ya ngoma. Na injini yake ya kwanza ina kisa cha kufurahisha: mhandisi Frank Halford alichukua mtambo mkubwa wa Renault wa silinda 8, mabaki ya vita vya kwanza, akaukata nusu. Silinda 4 zikatosha. Nguvu yake ilikuwa farasi 60 tu.

Farasi 60, na watu wawili ndani! Siri ni uzito mdogo na mabawa mapana. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikwa kwa nguzo na waya, yalitoa eneo kubwa la kukamata hewa bila kuifanya ndege iwe ndefu kupita kiasi. Ndege ya namna hiyo huondoka ardhini kwa mwendo ambao matatu ya Keroka ingeona ni polepole, na hutua kwenye shamba la nyasi. Ndiyo maana walowezi waliipenda, na ndiyo maana Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipata riziki yake angani hapa Kenya kabla ya Septemba 1936, aliporuka peke yake kutoka Uingereza akavuka Atlantiki hadi Kanada. Mwishoni mwa 2016 kundi la ndege za namna hiyo, zenye rubani aliyeketi upepo ukimpiga usoni, lilipita Kenya likitoka kisiwa cha Krete kwenda Cape Town. Miaka mingi imepita na kitambaa bado kinabeba watu.

Lakini tusiisahau Nyamira. Nchi hii huanzia kama mita 1,250 juu ya usawa wa bahari huko chini na kufika kiasi cha mita 2,100 juu. Hewa ya juu ni nyembamba. Chukua mahali penye mita 2,000, alasiri yenye joto la kadiri: uzito wa hewa huko umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Bawa lina hewa kidogo ya kuegemea, rafadha, lile panga la mbele, lina hewa kidogo ya kusukuma, na injini inavuta hewa kidogo ya kuchomea petroli. Ni hasara tatu kwa mpigo. Ndege inayoinuka Mombasa kwa kilomita 80 kwa saa itataka karibu 90 Borabu, tena injini ikiwa imechoka kabla ya safari. Iliyohitaji mita 300 za kukimbia kule pwani itadai 450 au zaidi hapa. Na mwisho wa mita hizo, kama ujuavyo milima ya Wagusii, kuna mlima.

Kwa sababu hiyo, ndege ndogo zinazofanya kazi Kenya zina sura inayofanana. Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza 1955, imeuzwa kuliko ndege nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000, na bawa lake liko juu ya vichwa vya abiria, mbali na mawe na vichuguu. Piper Super Cub, ambayo askari wa wanyama wa porini hutumia, ni bawa kubwa lililobeba viti viwili. Urembo haukufikiriwa sana. Ni kama jembe: umbo lake limeamuliwa na udongo.

Kuna ndege zilizowahi kuingia katika anga la majani chai kwa kazi ambayo vijana wengi wa leo hawajaisikia. Mzee mmoja niliyemkuta Nyansiongo, ameketi kibarazani akiwa na fimbo mapajani, alinisimulia.

"Mwanangu, wewe umewahi kuona chai ikipigwa na mvua ya mawe?"

"Hapana, baba."

"Usiombe. Dakika kumi, na shamba ni vijiti. Bonasi imekwenda, karo imekwenda. Sasa kule Kericho wazungu wa makampuni walikuwa na ndege ndogo. Wingu likisimama jeusi, sisi tunakimbilia nyumba, ile ndege inakimbilia wingu. Tulidhani rubani ni mwendawazimu."

Alichokisema kina kumbukumbu zake. Maeneo ya chai ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Inatajwa idadi ya siku zaidi ya 100 kwa mwaka. Kuanzia 1967, kampuni ya Marekani iitwayo Atmospherics Incorporated ilitumia ndege ndogo kuzitia dawa mawingu ya Kericho, kazi iliyoendelea kwa takriban miaka 10. Rubani aliitafuta hewa inayopanda kwa nguvu chini ya wingu, akawasha fataki zenye ayodidi ya fedha. Moshi ule huzaa punje nyingi ndogo za barafu, na punje nyingi zikigombania maji yale yale hakuna inayonenepa ikawa jiwe. Hayo ndiyo matumaini. Waliofanya kazi hiyo walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba hasara ilipungua, lakini kwa kuwa mawingu ya kutiwa dawa hayakuchaguliwa kwa bahati nasibu, wataalamu hawakukubaliana kama sifa ni ya dawa au ya msimu. Jambo jingine la ajabu ni kwamba mwaka 1982 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa vumbi la majani makavu ya chai lenyewe linaweza kuanzisha barafu mawinguni. Yaani huenda mkulima ndiye anayejipandishia mawe kwa miguu yake!

Mzee aliuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu kwa heshima: kwa nini ndege ile ililinda mashamba makubwa, na yeye mwenye ekari zake mbili akawa anategemea maombi?

Kutoka Nyansiongo nilikwenda Ikonge kumwona mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Nilikuwa nimeambiwa na mama yake, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada, kwamba kijana anaunda ndege. Sikushangaa sana. Mwaka 2010 runinga zilimwonyesha fundi wa kompyuta wa Nyeri aliyeunda ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota, na tangu hapo kila wilaya ina kijana wake. Huyu wetu alikuwa na mabomba ya vyuma, turubai, kiti cha plastiki na injini ya bodaboda iliyopata ajali. Mpango wake, aliouficha kwa mama lakini akanieleza mimi, ulikuwa kuipeleka Manga na kuisukuma kutoka ukingoni, "ili upepo usaidie, mjomba."

Nilimweleza habari za Mfaransa Henri Mignet. Huyu mwaka 1933 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akaiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kumfundisha mtu yeyote mwenye msumeno na nyundo kuitengeneza. Watu wa Ufaransa na Uingereza wakaingia mabandani kwao kwa mamia. Kisha vifo vikaanza. Ndege zilikuwa zikiinamisha pua na kukataa kuinuka tena. Ilibidi ndege nzima iwekwe ndani ya chumba cha upepo, mwaka 1936, ndipo ikaonekana: bawa la mbele na la nyuma yalikaribiana mno, na ndege ikiinama kupita kiasi fulani, usukani wa kuiinua ndio ulioizidi kuizamisha. Waliokufa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifuata maelekezo na kupiga misumari vizuri. Kosa lilikuwa ndani ya mchoro, na hakuna jicho lingeweza kuliona kwa kutazama tu.

Kijana alinyamaza. Nikamwambia pia kwamba nchini Kenya chombo chochote cha kumrusha mtu lazima kipitie kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kikaguliwe na kupewa herufi zake zinazoanza na 5Y. Hilo halikumgusa. Kilichomgusa ni hesabu ya injini. Ya pikipiki yake hutoa kama farasi 11. Moja ya Cub za mwanzo ilikuwa na 37, na ilisifika kwa unyonge. Ukiondoa robo kwa sababu ya kimo cha Nyamira, farasi wake wanabaki wanane.

"Na uzito?" akaniuliza.

Hatukuwa na mizani. Tuliibeba injini kwa toroli hadi kituo cha kununulia majani chai, tukangoja lori liondoke na karani amalize vitabu vyake. Karani alitutazama, akacheka, akaitundika kwenye ndoano ya mizani palipotundikwa magunia asubuhi nzima. Kilo 27. Mpwa wangu aliandika namba hiyo mkononi kwa kalamu, na tulipokuwa tukirudi aliniuliza kama mbao za misonobari zinapatikana Kisii au ni mpaka Nakuru, maana sasa, kabla ya kurusha mtu, alitaka kwanza kutengeneza bawa moja na kulipakia magunia ya mchanga mpaka livunjike.