Springi ya Kalamu

Springi tuliitoa kwenye kalamu ya Mama, ile ya kubonyeza anayoandikia michango ya chama. Gololi ilitoka kwenye beringi kuukuu ya baiskeli. Viungo vya shaba, bolti moja na mita moja ya mpira wa hewa, mdogo wangu alivinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 650, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyenunua ploti.

Tulikuwa tunaunda kidhibiti cha presha ya turbo. Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2004, ambayo Baba aliiagiza kutoka Japani mwaka 2011, kabla haijapita ile miaka minane ambayo sheria ya Kenya inaruhusu. Baba alifariki mwaka 2019. Gari likakaa nyuma ya nyumba hadi kuku wakaanza kutaga chini yake. Tulipolifufua liliwaka, lilitembea, lakini halikuwa gari la Baba tena. Tukipanda kuelekea Limuru, matatu zilitupita huku makanga wakitupungia mkono.

"Baba angekuwa hapa, hawa wangekula vumbi," mdogo wangu alisema.

Ndilo lilikuwa jambo la kwanza nililomsikia akisema juu ya Baba tangu mazishi. Ndiyo maana aliponionyesha mchoro wa kile kifaa kwenye simu, sikumwuliza maswali mengi. Vidhibiti vya kielektroniki vya Japani, kama vya HKS na Blitz, vingemeza mshahara wangu. Hiki kilihitaji kalamu.

Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Moshi wa ekzosi huzungusha feni moja ya turbo, nayo huzungusha feni ya pili inayosukuma hewa kwenye injini. Hewa ikizidi, petroli inayochomeka huzidi, nguvu huzidi. Ili mambo yasipite kiasi, pembeni mwa feni ya moshi kuna kilango. Kilango hicho hufunguliwa na kikopo chenye springi, na kikopo hupata habari kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo. Presha ikiishinda springi, kilango hufunguka, moshi mwingine hupitia pembeni, na turbo haiongezi mbio. Kiwandani, vali ndogo ya umeme huwekwa kwenye njia hiyo, ikitii kompyuta ya gari.

Kifaa chetu kilikaa mahali pa vali hiyo, na hakikutii yeyote. Springi ya kalamu inaikandamiza gololi, gololi inaziba njia, kikopo kinadhani mambo ni shwari. Ukikaza bolti, gololi inakandamizwa zaidi, na habari zinachelewa zaidi. Tulitoboa pia tundu la unene wa sindano, ili hewa inayonaswa kwenye kikopo ipate pa kutokea. Bila hilo, kilango huchelewa kujifunga. Sikuwahi kujivunia kitu kama tundu lile. Lakini ukiangalia vizuri, kifaa kizima hakiongezi chochote. Kinazuia tu habari zisifike kwa yule ambaye kazi yake ni kupunguza presha.

Jumapili alfajiri tulitoka barabara ikiwa tupu. Mdogo wangu aliendesha. Tulikuwa tumekaza bolti kwa kukisia: nusu mzunguko, tukajaribu, nusu nyingine. Mara ya nne, gari lilivuta hadi kichwa changu kikagonga kiti. Alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia miaka miwili. Kwenye gia ya tatu likashtuka kama lililopigwa teke, nguvu zote zikakatika, tukabaki tunasota kwa mwendo wa mkokoteni. Kompyuta ilikuwa imeona presha isiyoikubali, ikakata petroli.

"Tupunguze robo tu," alisema.

Mimi nilikuwa nimesikia mgongo mdogo mkavu kabla ya ule mshtuko. Nikakataa. Akaniambia mimi huogopa kila kitu. Tulifika kwa fundi hatusemezani.

Ni mzee wa Grogan aliyekuwa akilitengeneza gari hilo tangu enzi za Baba. Alifungua boneti, akakiona kifaa, hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Inasoma ngapi?"

Hatukuwa na geji. Tulikuwa tumekaza bolti juu ya injini ya marehemu baba yetu bila kujua presha ilikuwa ngapi.

Mzee alikiondoa, akarudisha mipira ya kiwandani, akaunganisha geji yake na kwenda nasi barabarani. Presha haikufika hata baa 0.5. Tuliporudi karakana, alisukuma hewa kidogo ya kompresa kwenye njia ya turbo, akachukua brashi na maji ya sabuni. Kwenye mpira unaounganisha turbo na kipoza hewa, upande wa chini usioonekana, povu likaanza kuchemka.

"Vijana, gari hili halikukosa presha. Linaipoteza. Nyinyi mkaamua kumwaga maji kwa kasi zaidi kwenye debe lililotoboka."

Alitueleza na mengine huku akifungua klipu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa, kwa hiyo turbo ya huku tayari inajitahidi zaidi ili kutoa presha ileile. Ukiiongezea mzigo, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na kinachopasuka ni pistoni. Na mpira wetu mmoja ungechomoka, kikopo kisingepata habari kabisa, na presha ingepanda bila wa kuizuia.

Mdogo wangu alikuwa ameuinamia ule mpira uliopasuka. "Ule mluzi," akasema.

Nilijua anachosema. Mwaka wake wa mwisho, Baba alikuwa akilalamika kwamba gari linapiga mluzi likipanda mlima. Nilimwambia ni umri, na sikumaanisha umri wa gari. Alicheka, hakurudia tena.

Mpira mpya na klipu mbili viligharimu shilingi 1,900. Geji tulinunua wiki iliyofuata, tukaibandika kando ya usukani. Ukiniuliza leo ununue kidhibiti gani cha bei nafuu, nitakurudishia swali la mzee. Kama huna jibu, nunua geji kwanza, kisha sabuni. Huenda usihitaji kingine.

Tulipopanda tena Limuru, mdogo wangu hakusema kitu. Mshale ulipanda, ukatulia unapopaswa kutulia. Mluzi haukuwepo. Alizima redio ili ahakikishe, na hakuiwasha tena mpaka tukafika.

Mama tulimnunulia kalamu mpya. Aliibonyeza mara mbili, akatutazama, akauliza ile yake ina nini. Tukamwambia yote, pamoja na habari ya mluzi.

"Mimi pia nilikuwa nikiusikia," alisema.