Napiga hodi kabla ya kupiga ngumi

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya muda mrefu na kuna walioanza kudhani nimefukuzwa kazi. Hapana, bado nipo gazetini, na bado mhariri ananifokea. Sababu ya ukimya ni kisigino changu cha kulia. Hakijavunjika, kiko salama kabisa. Tatizo lake ni kwamba kina mdomo.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kuwa ukiacha kalamu, kinachonitoa nyumbani jioni ni karate. Nilianza nikiwa mwaka wa kwanza pale Mlimani, nikapanda taratibu hadi mkanda wa kahawia, na mwaka jana nikajitosa kwenye mashindano ya kumite, yaani kupigana kwa pointi. Kwa wasioujua mchezo: ulingo ni mraba wa mita 8 kwa 8, muda ni dakika 3, mmoja anavaa mkanda mwekundu na mwingine wa bluu. Ngumi safi ni pointi 1. Teke la mwilini 2. Teke la kichwani 3, na ukimwangusha mwenzako ukamalizia pale pale kwa ngumi, nazo ni 3. Anayeanza kupata pointi bila mwenzake kupata wakati huo huo anakuwa na kitu kinaitwa senshu, na mkimaliza sare, mwenye senshu ndiye mshindi. Hiyo senshu muiweke akilini.

Mimi nilikuwa na silaha moja, gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Mguu wa kushoto mbele, nadunda mara mbili tatu, halafu nafyatuka na mkono wa kulia unaenda tumboni. Pale tunapofanyia mazoezi, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji, niliwapiga nayo karibu wote. Nilijiona nimefika. Hata njia ya kutembea ilibadilika, nakiri.

Basi tukaenda kwenye mchujo wa kutafuta timu ya mkoa, ukumbi mmoja kule Temeke. Nikapita mapambano mawili. La tatu nikapangiwa na jamaa mmoja fundi wa friji kutoka Mbagala, umri kama miaka 35, kitambi kidogo, magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Nilimwangalia nikaona nafasi ya timu ninayo mkononi.

Nilifungwa 6 kwa 0.

Sijui nieleze vipi ile hali. Hakuwa na kasi kunizidi. Ni kwamba kila nilipoanza safari, nilimkuta ameshafika. Ngumi yake ya mkono wa mbele, kizami-zuki, ilikuwa inanisubiri usoni kama kondakta anayejua kituo unachoshukia. Mara 6. Nilipokuwa navua glavu, mikono inatetemeka, akaja kunisalimia vizuri tu, akasema, "Mdogo wangu, wewe ni mstaarabu sana. Unapiga hodi kabla ya kuingia."

Nikacheka kwa adabu. Sikuelewa alichosema.

Binamu yangu alikuwa amerekodi kwa simu. Usiku ule ule nikiwa zamu, nasubiri ukurasa wa michezo ufungwe, nikaifungua ile video kwenye kompyuta ya ofisi na kuirudisha polepole. Kama mara ya tano hivi nikakiona. Ninapodunda, kisigino cha nyuma kiko juu. Nikitaka kushambulia, kinatua. Kinakaa chini kidogo, kinajikaza, ndipo naondoka. Nikahesabu mashambulizi yangu yote kwenye video ile, yalikuwa 11. Kisigino kilitangulia mara 11.

Nilikwenda mazoezini Jumanne nimebeba ugunduzi wangu kama habari ya ukurasa wa kwanza. Nikawaeleza. Wakatazamana. Kumbe wote walikuwa wanajua! Hata yule binti wa kidato cha pili mwenye mkanda wa kijani alijua, akaniambia, "Kaka, si ndiyo maana mimi nikiona kisigino nakimbia kushoto?" Nilikuwa nadhani ananikimbia kwa woga.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Miaka yote ile mnaniona na mnanyamaza? Nikamfuata Sensei, nikiwa na sauti ambayo si ya kumwendea nayo mwalimu wako. Hakupandisha yake. "Nilikwambia mara ya kwanza ukiwa mkanda wa njano," akasema. "Nikarudia ukiwa na wa kijani. Wewe ulikuwa unashinda, ukanijibu ndiyo Sensei." Nilijaribu kukumbuka. Ndiyo Sensei nazikumbuka nyingi sana. Alichokuwa anakisema sikumbuki.

Nimesoma baadaye kidogo kuhusu jambo hili. Mtu wa kawaida akiona kitu, anahitaji karibu robo ya sekunde kabla mwili haujaanza kujibu. Ngumi inayotoka karibu inaweza kufika ndani ya muda huo huo. Maana yake ni kwamba mpiganaji mzuri hasubiri ngumi ndipo aione. Anaona bega, anaona nyonga, anaona pumzi, anaona kisigino. Yule fundi hakuwa mwepesi. Alikuwa amepewa taarifa mapema, na mtoa taarifa nilikuwa mimi.

Sensei akanipiga marufuku gyaku-zuki kwa miezi miwili. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo kwa kweli ni lile lile limevaa nguo nyingine. Nilidhani dawa ya kutabirika ni kuwa na mbinu nyingi. Nikaanza kujifunza teke la kuzungusha, teke la kisigino la kurudi nyuma, kufagia mguu, kubadilisha mguu wa mbele. Nikawa kama duka la Kariakoo, kila kitu kipo. Na kila siku nilipigwa! Yule binti wa kidato cha pili alinifunga pointi 4 siku moja, wazazi wake wakiwa wamekaa pale pembeni. Ilinichukua wiki nyingi kuelewa kwamba nilikuwa nimebadilisha mlango, hodi ilikuwa ni ile ile. Teke au ngumi, midundo mitatu, kisigino chini, twende.

(Mhariri wangu alipoisikia hadithi hii alisema na habari zangu ziko hivyo, kwamba anaweza kuandika aya ya kwanza kabla sijaituma: "Imeelezwa kuwa..." Nikanuna. Halafu nikaenda kuangalia. Tuyaache hayo.)

Kilichonifungua macho ni pambano ambalo sikuwemo. Fainali ya kilo 75 kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Luigi Busa wa Italia na Rafael Aghayev wa Azerbaijan. Aghayev ni bingwa wa dunia mara 5, mtu wa ngumi, kufagia na kubwaga, hujui atatokea wapi. Na hawa wawili walikuwa wanajuana miaka mingi, wamekutana mara kibao. Itafuteni muitazame. Busa alishinda 1 kwa 0. Pointi moja tu, kwa watu wenye kila mbinu duniani! Ukitazama haraka utasema pambano bovu. Mimi safari hii niliangalia miguu na mabega, nikaona wanasema uongo muda wote. Bega linacheza, hakuna ngumi. Mguu unaingia, unatoka. Kila mmoja anajaribu kumfanya mwenzake aamini hodi isiyo na mgeni nyuma yake.

Nikamwendea Sensei, nikamwomba anirudishie gyaku-zuki yangu. Akakubali kwa sharti: kisigino kishuke mara nyingi nipendavyo, ila mimi nisiondoke hadi apige kofi. Na makofi yake hayakuwa na mpangilio. Mara moja la haraka, mara kimya cha sekunde 10 hadi mapaja yanawaka. Hizo ndizo jioni zangu mlizokuwa mnaniuliza.

Jumamosi iliyopita ukawa mchujo mwingine, na bila shaka mnajua nilipangiwa na nani. Bandeji zile zile. Tukainamiana. Nikadunda, mara mbili, tatu, nikashusha kisigino kwa nguvu, wazi kabisa, kama mtu anayegonga bati. Ngumi yake ya mbele ikatoka. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimerudi nusu hatua, na ubavu wake wote uko wazi. Gyaku-zuki. Bendera mbili zikapanda. Senshu yangu.

Nisiwadanganye, baada ya hapo hakuingia tena kirahisi. Alirudisha moja, nikapata nyingine kwa mkono wa kushoto, ikawa 2 kwa 1. Zikabaki sekunde 15, na muda huo ukikimbia pambano unanyang'anywa senshu, kwa hiyo ilibidi nikae pale pale. Pumzi imekwisha, kichwani hamna kitu. Zimebaki kama sekunde 4 nikaona upenyo, nikaenda, na nilipokuwa tayari hewani nikahisi kitu kimetua nyuma yangu. Kisigino. Ngumi yake ilinikuta shavuni. Sare, 2 kwa 2. Kengele.

Nimeshinda kwa senshu. Niko kwenye timu.

Alikuja kunipa mkono kama safari ile, anacheka. "Ya kwanza umenidanganya kweli kweli, mdogo wangu. Ila ya mwisho umepiga hodi." Nikamwambia asante kaka, nimeisikia hata mimi. Akanipiga bega, akageuka kumwita mpwa wake, kijana mdogo aliyekuwa amekaa pembeni ya ulingo muda wote. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, bado anarekodi.