Majina Kwenye Daftari la Ukoo

Nimekuwa nikiwaza juu ya figo tangu tulipoitwa kwenye kikao cha ukoo huku Makueni, kwa ajili ya ndugu yetu anayesafishwa damu. Ukambani hatujazoea kumwacha mtu na mzigo wake. Tuna mwethya, yaani kazi ya pamoja, wa kujenga mabwawa ya mchanga, tuna harambee ya karo na ya hospitali, na jamaa zetu wa Kitui huvuka Mto Athi bila kusita wanapohitajika. Kwa hiyo pesa zilipokwisha kuchangwa, mzee mmoja akaomba vijana wajitokeze kupimwa ili apatikane wa kumpa figo, na hakuna aliyeshangaa. Majina yaliandikwa daftarini papo hapo, chini ya yale ya waliotoa pesa.

Daftari hilo halijanitoka akilini. Aliyeahidi shilingi elfu moja akichelewa, hukumbushwa mbele ya watu. Aliyeahidi figo naye atakumbushwa vipi?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi ya mtoaji. Lakini saini hutiwa hospitalini, na pengine uamuzi ulishapitishwa nyumbani, mbele ya shangazi na wajomba. Habari za vijana waliouza figo kule Eldoret zilipoenea mwaka 2025, tulilaumu pesa, na ilistahili. Kwetu hakuna aliyetaja malipo. Hata hivyo sijui kama kijana asiye na shamba wala kazi, anayemtegemea mjomba yule yule anayemwomba, yuko huru kuliko wale wa Eldoret. Wala sithubutu kusema amelazimishwa, kwa maana upendo nao husukuma, na mama anayempa mwanawe figo hangojei kushawishiwa.

Kuna jambo jingine ambalo kikaoni halikutajwa. Mtoaji na mgonjwa hulinganishwa alama za tishu, na mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Kipimo cha alama hizo kinaweza kufichua kwamba baba si mzazi wa damu, siri ambayo hakuna aliyeitafuta. Vipimo vingine vya mtoaji huonyesha virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya na za jeni kuwa nyeti, ilhali kikaoni tulikubaliana majibu yote yapelekwe kwa mwenyekiti wa ukoo.

Wako madaktari wanaozungumza na kila mtoaji faraghani, na anayekataa, familia huambiwa tu kwamba hafai. Kwa muda mrefu niliona huo ni uongo wa adabu. Siku hizi naelekea kuukubali, mradi sababu ya mtoaji yeyote isitajwe, awe amekutwa na ugonjwa au ameogopa, ili kimya kiwafunike wote sawasawa.

Wazee wetu na wenyeviti wa koo, changeni pesa hadharani kama kawaida, lakini msiandike majina ya watoaji. Mwacheni kila mmoja aende hospitali kwa wakati wake na apokee majibu yake mwenyewe. Na mkumbuke kwamba ana haki ya kubadili nia hadi saa ya kuingizwa chumba cha upasuaji.