Nilimnyima Alama kwa Jibu Sahihi

Nilimkosesha mwanafunzi wa kidato cha tatu swali alilolijibu sawasawa. Niliwataka wataje wanyama wa familia ya fungo. Jibu nililolitaka mimi lilikuwa fungo, kanu na nguchiro. Yeye akaandika fungo na kanu, akaongeza kwamba nguchiro ana familia yake. Nikamwekea kosa. Alipokuja ofisini kuuliza, nikamjibu kwa ukali, “Kitabu kinasema hivyo. Nenda darasani.” Akasema, “Sawa, mwalimu,” akatoka.

Kitabu hicho kilikuwa kile nilichosomea mimi. Familia ya fungo, Viverridae, ilipewa jina na John Edward Gray mwaka 1821, na kwa muda mrefu ilirundikiwa wanyama wadogo wala nyama wenye mwili mrefu, miguu mifupi na pua iliyochongoka. Nguchiro aliingizwa humo kwa sababu ya umbo. Lakini hana ile tezi ya chini ya mkia inayompa fungo zabadi, mafuta ya harufu kali ambayo Ethiopia imewauzia watengeneza manukato kwa karne nyingi. Vinasaba navyo vimeonyesha kwamba nguchiro ana udugu wa karibu zaidi na fisi kuliko na fungo. Leo yumo katika familia ya Herpestidae.

Si yeye peke yake aliyehamishwa. Fungo wa miti wa Afrika, mwenye madoa mawili mabegani, ana familia yake, kwa kuwa ukoo wake ulijitenga kabla paka, fisi na fungo hawajaachana. Wala nyama wa asili wa Madagaska, fosa akiwemo, wako katika familia ya Eupleridae, baada ya utafiti wa mwaka 2003 kubaini kuwa wana asili moja. Kanu amebaki na fungo, kama kijana yule alivyoandika.

Haya niliyasoma baadaye, nikiandaa somo lilelile. Kutumia kitabu cha zamani kunasameheka. Kisichosameheka ni kwamba sikumuuliza amesoma wapi, kwa kuwa walimu wenzangu walikuwa wanasikiliza na nikaona nimedharauliwa. Tena nilipoujua ukweli nilinyamaza, naye akamaliza shule bila alama yake na bila neno la samahani kutoka kwangu.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikupinga, muulize amelipata wapi jambo hilo. Akiwa sahihi, mrudishie alama zake mbele ya darasa lilelile.