Cheche Ndogo: Juu ya Kubadilisha Plagi ya Pikipiki Nyumbani kwa Usalama



Juma hili napenda tutafakari juu ya kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole. Kisipofanya kazi, pikipiki iliyonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi hugeuka kuwa mzigo wa chuma wa kusukumwa mchangani. Kitu hicho ni plagi. Huenda wengine watashangaa kuona padre anaandika juu ya plagi. Lakini sisi tunaoishi hapa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, tunajua kwamba pikipiki ndiyo miguu yetu. Ndiyo inayomfikisha padre na katekista vigangoni. Ndiyo inayobeba ndoo za asali kutoka porini, na ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito usiku kwenda hospitali. Kutoka hapa hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, na pande zote tumezungukwa na misitu ambamo tembo na simba bado wanapita. Pikipiki ikizimika humo saa mbili usiku, jambo dogo huacha kuwa dogo.

Kanisa lenyewe lilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani, Padre Otto Fuhrmann, alifariki dunia katika nchi ambayo leo inaitwa Namibia, akiwa mgonjwa na bila chombo cha kumwahisha kwenye tiba. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliguswa sana na kifo hicho, na mwaka 1927 akaanzisha shirika la MIVA ili kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Lakini chombo kinachotolewa bila mtu wa kukitunza hakichukui muda kugeuka kuwa chuma chakavu nyuma ya nyumba ya mapadre. Ndiyo maana naona inafaa kila anayeendesha pikipiki ajue angalau kazi hii moja ya matunzo, na ajue kuifanya bila kujiumiza.

Plagi hufanya kazi gani? Ndani ya injini, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na pistoni, kisha cheche ya umeme huuwasha. Cheche hiyo huruka katika pengo jembamba lililoko kwenye ncha ya plagi. Injini ya mizunguko minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchanganyiko huo huwashwa mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 katika kila sekunde. Umeme unaohitajika kuruka pengo hilo hufikia volti 10,000 na zaidi, wakati umeme wa majumbani mwetu ni volti 230 tu. Wazo lenyewe ni la zamani: Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alikamilisha magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake, na tangu hapo injini za petroli zikaenea duniani.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwanza, mahali. Fanyeni kazi hii nje, uani, penye hewa na mwanga wa mchana. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu hulaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, kisha hutaka kuitengeneza humo humo usiku, koroboi ikiwaka na jiko la mkaa likiwa mlangoni. Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto uliko. Aidha, injini isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kimyakimya.

Pili, subira. Acheni injini ipoe kabisa, saa nzima ikibidi. Bomba la moshi likigusa mguu wenye kanda mbili huacha alama ya maisha, na vijana wengi wa bodaboda wanayo alama hiyo kwenye shavu la mguu. Isitoshe, kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na plagi ikifunguliwa kikiwa cha moto, thredi zake huharibika kwa urahisi. Zimeni swichi, chomoeni ufunguo, fungeni koki ya petroli, simamisheni pikipiki kwa stendi ya kati mahali pa tambarare, na watoto wakae mbali.

Tatu, usafi. Chomoeni kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe, wala si kwa kuvuta waya. Kabla ya kuilegeza plagi, pulizeni vumbi linaloizunguka kwa pampu ya baiskeli, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Katika kiangazi chetu, tangu Mei hadi Oktoba, vumbi hujaa kila mahali, na chembe za mchanga zikidondokea ndani ya silinda zitaisaga injini kama jiwe la kusagia. Kisha tumieni spana ya plagi yenye kipimo sahihi na kuizungusha kinyume cha saa. Ikigoma, msiitwange kwa nyundo. Wekeni mafuta kidogo ya kulegeza kutu na kungoja. Pikipiki nyingi zina plagi moja, lakini zipo zenye mbili, nazo hubadilishwa pamoja.

Plagi ikishatoka, iangalieni kabla ya kuitupa, maana inaeleza hali ya injini nzima. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa: pengine kichujio cha hewa kimejaa vumbi au choki imeachwa bila kurudishwa. Weusi wenye ulowevu wa mafuta huonyesha kwamba oili inapanda kwenye silinda, na huenda ringi za pistoni zimechoka. Ncha nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto kupita kiasi. Plagi hupenda kufanya kazi kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo masizi huigandamiza, na juu ya hapo inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Anayebadilisha plagi kila mwezi bila kuuliza kwa nini inakufa anatibu homa bila kuutafuta ugonjwa.

Plagi mpya iwe ya namba ileile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, kwani namba hiyo hubeba unene wa thredi, urefu wake na kiwango cha joto. Plagi ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni. Jihadharini pia na plagi bandia, zenye maandishi yanayofutika kwa kidole na bei ya kushangaza. Pimeni pengo, ambalo katika pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.6 na 0.9, kutegemea aina. Kisha ingizeni plagi kwa vidole, bila spana, hadi ifike mwisho. Ikikaza mapema, imeingia upande: itoeni na kuanza upya. Hapo ndipo spana hutumika, na kwa plagi mpya takriban nusu mzunguko hutosha kuibonyeza washa yake. Kwa plagi iliyokwisha kutumika, kaza kidogo tu, kama mshale wa saa unavyotoka namba 12 hadi namba 1. Nguvu za kijana mwenye mikono ya kulimia tumbaku zinatosha kabisa kuua thredi za aluminiamu, na gharama ya kutengeneza kichwa cha silinda hununua plagi nyingi.

Kuna desturi moja ambayo nawasihi vijana wangu waiache. Ni ile ya kuchomoa plagi, kuigusisha kwenye injini karibu kabisa na tundu lake, kisha kupiga kiki ili kuona kama cheche inaruka. Kila kiki hutoa ukungu wa petroli katika tundu lililo wazi, na cheche iko papo hapo kuungoja. Anayelazimika kupima aiweke plagi mbali na tundu, alizibe tundu kwa kitambaa kikavu kisafi, asiishike plagi kwa mkono mtupu, wala pasiwe na chupa ya petroli karibu. Na tusisafishe plagi kwa petroli iliyomiminwa kwenye kopo huku tukivuta sigara.

Ninasema haya kwa uzito kwa sababu taifa letu lina jeraha. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, wengi wao wakiwa vijana wa bodaboda, na moto ukalipuka. Ndugu zetu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wenye mahitaji, kama sisi, waliosimama ndani ya mvuke wasiouona. Moto huo ulikuwa wa petroli ileile tunayoinunua katika chupa za maji kando ya barabara.

Kwa hiyo, kila anayetengeneza pikipiki nyumbani awe na ndoo ya mchanga karibu. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwani maji huusambaza. Hufukiwa kwa mchanga. Nguo zikishika moto, usikimbie: lala chini, funika uso, bingirika. Mtu akiungua, poozeni jeraha kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mvueni pete kabla hajavimba, mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali. Tusimpake dawa ya meno, mafuta wala asali. Najua asali ya Mlele ni fahari yetu, lakini ina mahali pake, na kidonda kibichi cha moto kinataka maji kwanza.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 8,000 katika siku 80 tu. Asipojiwekea siku ya kukagua, pikipiki itajichagulia siku yake, na mara nyingi huchagua ile ambayo mgonjwa amekaa nyuma. Kutunza chombo ni namna ya kumpenda abiria ambaye hujakutana naye bado. Na kujitunza wewe mwenyewe wakati unakitunza ni haki ya wale wanaokungoja nyumbani, maana hakuna safari inayostahili kununuliwa kwa macho au mikono ya baba wa familia.

Kazi yote hii, kwa mtu asiye na haraka, haizidi nusu saa baada ya injini kupoa. Basi juma hili, kila mwenye pikipiki aitenge nusu saa hiyo, mchana, uani, na ndoo ya mchanga ikiwa pembeni. Asiye na spana sahihi aazime kwa jirani au aende kwa fundi bila aibu.

Nawatakieni juma jema na safari salama.