Taa Asiye na Mwiba

Nilipompigia simu rumeti wangu nikamwambia nimezamia Mafia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeacha chuo. Akilini mwake nilikuwa nimejificha kwenye meli, naelekea Afrika Kusini kutafuta maisha. Ilibidi nimweleze kwamba nimezamia kwelikweli, kwa mtungi wa hewa mgongoni, halafu nimepanda juu na kurudi kusahihisha madaftari.

Mimi ni mtu wa Ringwani, wilayani Serengeti. Kwetu maji ni ya kunywa, ya kunywesha ng'ombe, na mengine ni ya Mto Mara, ambayo hubeba watu ukifurika. Kuogelea hakumo. Mtoto akikutwa anacheza mtoni alichapwa kwanza, maswali baadaye, maana mamba hawana mzaha. Kwa hiyo majina ya fildi yalipotoka na mimi nikajikuta Mafia, mama aliuliza kama hakuna namna ya kubadilisha. Kwenye kivuko kutoka Nyamisati hadi Kilindoni nilikaa katikati kabisa, jaketi okozi nimelifunga mpaka kifungo cha mwisho. Watoto wa Kimafia walinitazama wakacheka.

Nilipangiwa biolojia na jiografia. Wiki ya tatu nikawa nafundisha samaki wa gegedu, yaani papa, taa na jamaa zao. Nikaandika ubaoni kwa kujiamini kwamba taa wote wana mwiba wenye sumu mkiani. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna taa mkubwa, mpana kama chumba, hana mwiba. Babu anamjua." Darasa likaguna. Kiukweli nilihisi ninajaribiwa, mwalimu wa bara anapimwa kina. Nikamwambia hadithi za babu tumwachie babu, kaa chini. Akakaa. Hakunyoosha mkono tena wiki nzima, na mimi nikaona nimelidhibiti darasa.

Jioni nikamsimulia mwenye nyumba wangu, mzee aliyevua maisha yake yote, nikitegemea tucheke wote. Hakucheka. "Mtoto kasema kweli, mwalimu. Sisi tulikuwa tunampata kwenye jarife. Anavuta mpaka unadhani umenasa jiwe." Akaniambia nyama yake walifanya ng'onda. Usiku huo nikatumia bando langu lote kusoma. Anaitwa manta. Hana mwiba. Anakula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, anavichuja tu huku anaogelea mdomo wazi. Huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na inaweza kupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa tena. Ndiyo maana ukimvua sana anaisha upesi, na toka mwaka 2013 nchi zilikubaliana kudhibiti biashara yake ya kimataifa, kwa sababu mashavu yake yananunuliwa Asia kama dawa.

Ningeweza kurudi darasani kesho yake. Sikurudi. Niliona aibu, na nikajipa kisingizio kwamba nitasahihisha tukifika kwenye marudio.

Mtoto wa mwenye nyumba anafanya kazi kwenye boti za wazamiaji pale Utende. Ndiye aliyenichongea kwa mwalimu wa kuzamia, mwenyeji wa Mafia hukohuko, na Jumamosi mbili nikafundishwa maji ya kifuani: kupumua taratibu, kutoa maji kwenye miwani, na kutobana pumzi kamwe. Bumu langu lisingetosha hata robo ya gharama ya safari yenyewe. Mwishoni mwa Septemba, kusi imelegea, mgeni mmoja akaahirisha. Nikaitwa.

Kwenye boti mama mmoja Mzungu aliposikia ninatoka Serengeti alifurahi sana. Bila shaka nimewaona nyumbu wakivuka mto? Nikamwambia sijawahi kuingia hifadhini hata siku moja. Akadhani Kiingereza changu kimeteleza. Lakini ndivyo tulivyo wengi kule, tunaiona kwenye kalenda. Hapo Mafia nako, hifadhi ya bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822 na vijiji ndani yake, na wanafunzi wangu waliozaliwa humo walikuwa hawajawahi kuona matumbawe kwa macho yao.

Tulishuka ndani ya Ghuba ya Chole, kama mita kumi. Masikio yaliniuma, nikabana pua na kupuliza kama nilivyofundishwa, yakafunguka. Mwalimu akaniuliza kwa ishara kama niko sawa. Nikamwonyesha dole gumba, yaani poa. Chini ya maji dole gumba maana yake twende juu! Akanishika mkono tukaanza kupanda, mimi nakataa kwa kichwa, yeye anadhani nimepagawa. Tulikuwa hivyo, tunavutana, kivuli kilipopita juu yetu.

Nilidhani ni boti. Kisha kivuli kikapiga mabawa. Alipita juu ya vichwa vyetu taratibu, tumbo jeupe lenye madoa meusi, mdomo mpana mbele na mapembe mawili ya nyama pembeni yake. Mpana kama chumba, maneno yale yale ya babu. Nikakumbuka kilichonileta, nikaangalia mkia: mwembamba, kama mjeledi wa kuchungia ng'ombe, na hakuna kitu. Akageuka mara moja, akaondoka. Nadhani haikufika dakika moja. Nililia ndani ya miwani, na hilo nalo lina usumbufu wake.

Jumatatu nikafuta ubao, nikamwita yule kijana jina lake mbele ya wenzake. "Wewe na babu mlikuwa sahihi. Mimi nilikosea, na nilikosea pia kukukalisha. Samahani." Kimya. Kisha akauliza, "Sasa sisi tutaenda lini?"

Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kuazima miwani miwili pale Utende. Alhamisi maji yalipokupwa, mimi, mwalimu wa zamu na wanafunzi kumi na tisa tukaingia hadi magotini, tunapokezana kuzamisha uso. Yule kijana alikaa chini muda mrefu kuliko wote. Alipoinua kichwa hakupiga kelele.

"Mwalimu, usisogee. Kuna taa mdogo mchangani karibu na mguu wako. Huyu ana mwiba."

Nikafanya alivyonielekeza, nikarudi nyuma nikiburuta miguu polepole.