Ngozi ya Stenlesi: Jinsi Usafishaji wa Heda Kuukuu Ulivyobadilika

Heda ni fungu la mabomba ya ekzosi linalofungwa ubavuni mwa injini: bomba moja kwa kila silinda, yote yakipinda na kushuka hadi yanapokutana kwenye koo moja pana chini ya gari. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na manifoldi ya chuma cha kusubu badala yake, kitu kifupi, kizito na cha bei nafuu, ambacho ndani yake moshi wa silinda moja husukumana na moshi wa jirani. Heda huipa kila silinda njia yake. Ndiyo maana wapenda mbio waliifunga tangu zamani, na ndiyo maana kijana wa Subaru jijini Nairobi huijua hata kama hajawahi kushika spana. Ule mngurumo wa kukatakata anaoupenda hutokana na heda ambayo mabomba yake hayalingani urefu.

Katika gereji za jua kali za Nairobi za miaka ya 1980, heda nyingi zilikuwa za chuma cha kawaida. Zilikunjwa na kuchomelewa papo hapo, zikapakwa rangi ya fedha inayostahimili joto, na baada ya misimu michache ya mvua zikaliwa na kutu hadi zikatoboka. Kuzisafisha kulikuwa kazi ya mwanagenzi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliifanya kwa miaka kadhaa, na vifaa vyake vilikuwa vitatu: brashi ya waya, petroli ndani ya kopo la maziwa, na msasa. Lengo lilikuwa kuchimba kutu mpaka chuma cheupe kionekane, kisha kupaka rangi kabla unyevu haujarudi. Kwa chuma cha kawaida utaratibu huo haukuwa mbaya.

Msasa wenyewe ni mkongwe kuliko karatasi. Jina ni la mti wa jamii ya mkuyu, ule ambao wanabotania huuita Ficus exasperata, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi walilainishia mbao na pembe kwa majani hayo kabla karatasi yenye mchanga haijafika, nayo ilipofika ikarithi jina.

Stenlesi iliingia gereji hizo kwa wingi katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kumiminika. Baadhi yalikuja na heda za stenlesi zilizofungwa na wenyewe wa kwanza, na injini ilipokufa heda iling'olewa na kuuzwa peke yake. Mtu mwenye Datsun 1600 SSS, aina ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, aliweza sasa kuota heda isiyooza. Kilichokuja naye gerejini, hata hivyo, kilikuwa heda kuukuu: ya kahawia hapa, nyeusi pale, yenye mabaka ya lami na doa la mfuko wa plastiki ulioyeyukia juu yake. Mwenye mali alitaka ing'ae. Fundi mkuu, aliyekuwa na mkono mzuri kwa injini na subira haba kwa mengine, alitoa agizo la maneno manne: "Chuma ni chuma. Sugua."

Brashi ya waya ikafungwa kwenye grenda, na katika muda wa saa moja heda ikameremeta kama sufuria mpya. Ikapelekwa Mombasa. Baada ya miezi miwili picha ilirudi: mabomba yamejaa madoa ya rangi ya chai ya rangi, kana kwamba mtu aliyanyunyizia birika zima. Mwenye gari aliamini ameuziwa stenlesi bandia. Haikuwa bandia.

Kosa hilo linaeleweka tu kwa kuijua ngozi ya chuma chenyewe. Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Mwaka 1912 kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliomba hataza ya aina iliyochanganywa pia na nikeli, na mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipata aina yake alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Siri ya vyuma vyote hivyo ni ile ile. Kromiamu iliyo juu hushika oksijeni ya hewani na kufanya utando wa oksidi usioonekana, mwembamba kiasi kwamba tabaka elfu kumi zake bado hazifikii unene wa unywele mmoja. Utando huo ukikwaruzwa hujifunga wenyewe, mradi hewa ipo na uso ni safi. Brashi ya chuma cha kawaida huharibu sharti hilo la pili. Kila inapopita huacha chembe zake zimekwama kwenye mikwaruzo, chembe ndogo zisizoonekana, nazo hupata kutu kama msumari wowote. Chumvi ya upepo wa bahari huharakisha mambo. Kwa hiyo yale madoa ya Mombasa yalikuwa kutu ya brashi, si ya heda.

Shaka ya ubandia ilikuwa na kipimo chake, sumaku, na hicho nacho kilipotosha wengi. Aina iitwayo 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, kwa kawaida hainaswi na sumaku. Aina ya 409, yenye kromiamu asilimia 11 hivi na titani kidogo, hunaswa barabara, na ndiyo iliyotapakaa kwenye ekzosi za kiwandani tangu magari ya Marekani yalipoanza kufungwa vichujio vya moshi kwa modeli za mwaka 1975. Zote ni stenlesi. Tofauti inayomhusu msafishaji ni kwamba ya 409 haikukusudiwa kung'ara: huvaa kahawia hafifu juu juu na kubaki hivyo, na anayetaka iwe kioo anajichosha.

Baada ya brashi likaja janga la asidi. Gereji moja, ambayo haina haja ya kutajwa, iligundua kwamba dawa ya kusafishia choo huondoa uchafu wa heda haraka kuliko mkono wa mtu. Heda ya Datsun nyingine, iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili ya maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ilitumbukizwa kwenye beseni jioni ikaachwa ilale humo. Asubuhi ilitoka nyeupe. Kwa macho ya mbali ilipendeza. Kwa kuisogeza karibu na dirisha ilionekana imedonolewa, vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na kando ya mishono ya kuchomelea ufa mwembamba ulikuwa umeanza. Dawa za choo za aina hiyo zina asidi ya hidrokloriki, na kloridi ndiyo adui mkubwa wa utando wa kromiamu: huutoboa mahali padogo na kuchimba kwenda chini badala ya kusambaa. Maji ya kung'arishia nguo nyeupe yana hatari ya aina hiyo hiyo. Kishimo hakisuguliki kikaisha. Ukikifuata kwa msasa unamaliza bomba.

Rangi za joto zilichelewa kueleweka kuliko kutu. Heda ya 304 iliyofanya kazi huwa na mistari ya rangi kuanzia karibu na injini, na wanagenzi waliihesabu kuwa uchafu kama mwingine. Kumbe ni utando ule ule wa oksidi ulionenepa kwa joto, na rangi hutokea kwa mwanga kugongana ndani yake, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Karibu na nyuzi 300 za selisiasi chuma hugeuka manjano ya majani makavu. Kwenye 400 huelekea kahawia. Kwenye 450 ni zambarau. Kati ya 540 na 600 ni buluu. Mwenye macho husoma humo habari za injini. Bomba moja likiwa buluu na wenzake wamebaki manjano, silinda yake inawaka kwa joto lisilo la kawaida, mara nyingi kwa sababu ya mchanganyiko wenye petroli kidogo mno, na kabureta itazamwe kabla ya kitambaa kuguswa. Hasara ipo pia: kromiamu iliyonenepesha utando imetolewa kwenye chuma kilicho chini yake, hivyo palipogeuka rangi sana pana kinga pungufu.

Utaratibu unaofuatwa sasa umetokana na makosa hayo. Heda hufunguliwa ikiwa baridi, nati zikiwa zimelainishwa kwa mafuta tangu jana yake, maana bolti ikikatikia ndani ya kichwa cha injini kazi ya siku moja huwa ya wiki. Ndani ya mabomba huachwa jinsi mlivyo. Zamani mabomba yalikuwa yakigongwa na kupulizwa kwa hewa ili masizi yatoke, lakini heda ya enzi za petroli yenye risasi hubeba humo vumbi la kijivu lenye misombo ya risasi, ambayo ni sumu. Petroli hiyo iliondolewa sokoni katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini vumbi lililokwisha ganda halikuondoka nayo. Panapolazimu kuguswa, huloweshwa kwanza.

Plastiki iliyoyeyuka hung'olewa kwa kipande cha mti heda ikiwa vuguvugu. Kazi hii imepungua tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, jambo ambalo halikutajwa katika hoja za kuitetea marufuku hiyo. Lami na grisi hulainishwa kwa mafuta ya taa, kisha heda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatiririke bila kugawanyika matone. Hapo ndipo rangi ya kweli huonekana, na nusu ya heda zinazoletwa kwa ajili ya kung'arishwa hazihitaji zaidi ya hapo.

Kahawia iliyobaki huondolewa kwa asidi za upole. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu, huuzwa ikiwa unga na huyeyushwa katika maji ya moto. Asidi ya oksali, ambayo kwa kiasi kidogo imo hata katika mchicha, ina nguvu zaidi juu ya kutu, lakini ni sumu na hushikwa kwa glavu. Nyumba za pwani zilijua kanuni hii muda mrefu, zikisugulia sinia za shaba kwa ukwaju. Heda hupakwa, husubiriwa robo saa, husuguliwa kwa brashi ya nailoni au ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, kisha husuuzwa. Maji ya mwisho hutiwa magadi, yale yale ya kuivishia maharagwe, ili asidi iliyojificha kwenye mishono ipoozwe. Pasta za viwandani zenye asidi ya hidrofloriki husafisha mishono haraka kuliko hizi zote. Hupenya ngozi ya mtu na kuuma mpaka mfupani, na hazifai gereji isiyo na daktari karibu.

Kung'arisha kwenyewe ndiko kunakokula siku. Msasa wa maji huanza namba 400, au 240 penye mikwaruzo mirefu, na kupanda 600, 800, 1200, hadi 2000. Ukanda mwembamba huzungushwa nyuma ya bomba na kuvutwa huku na huku kwa mikono miwili, kama mng'arisha viatu anavyovuta kitambaa juu ya kisigino. Kila namba huvutwa kukatiza mwelekeo wa iliyotangulia. Mikwaruzo ya zamani ikiwa bado yaonekana, namba haipandi. Mwanagenzi hudanganya hapa, na udanganyifu wake huonekana mwishoni, wakati wa kurudi umekwisha pita. Baada ya msasa hufuata gurudumu la katani, kisha la pamba, likipakwa sabuni ngumu ya kijani. Ukijani huo ni oksidi ya kromiamu, kitu kile kile kinachofanya utando wa stenlesi. Mwishoni heda hufutwa kwa spiriti na kushikwa kwa kitambaa tu, kwani alama ya kidole iliyoachwa kabla ya injini kuwashwa huungua na kubaki, mistari yote ya kidole ikisomeka.

Lililobadilika zaidi ni macho ya wenye magari. Miaka ya nyuma heda yenye buluu ilihesabiwa kuwa chafu na ikarudishwa. Siku hizi wapo wanaoomba mabomba yaoshwe tu na rangi za joto ziachwe, na mafundi wa kuchomelea kwa gesi ya argoni huacha kwa makusudi mshono wenye upinde wa rangi, mzuri kuliko ung'aro wowote wa gurudumu. Kwa heda ya gari linalotembea hao wana haki. Iliyong'arishwa kama kioo hugeuka manjano ya majani makavu kwenye safari ya kwanza ya maana, na hakuna dawa ya kuzuia.

Ile iliyolala kwenye beseni la asidi haikufungwa tena kwenye gari. Imeangikwa nyuma ya mlango wa gereji, na mafundi hutundikia ovaroli.